Urefu Niliomgawia Adongo

Juzi nilimsindikiza pacha wangu kliniki, kumpeleka mtoto wake wa mwisho kuchanjwa. Nesi alifungua chupa ya spiriti, akalowesha pamba, akaipitisha taratibu kwenye paja la mtoto. Harufu ile ilipopanda, mimi na Adongo tulitazamana, na bila kuambizana kila mmoja wetu akaweka mkono juu ya paja lake mwenyewe. Nesi alituuliza kama kuna shida. Adongo akamjibu, "Hakuna, sista. Ni huyu dada yangu tu, anangoja zamu yake." Tukacheka mpaka mtoto akasahau kulia.

Adongo sasa ananifikia sikioni. Anayetuona tukitembea pamoja sokoni Kendu Bay hawezi kudhani kuwa kuna wakati alinifikia kwapani, na kwamba watu walimdhani kuwa ni mtoto wangu wa kubeba mgongoni ilhali tulikuwa tumezaliwa siku moja. Nimewahi kuwasimulia vijana hadithi hii wakadhani naitia chumvi. Wenzangu wa rika langu, mliokua nasi kandokando ya ziwa, mtanielewa upesi zaidi.

Kwetu pacha hatafutiwi jina. Anayetoka kwanza, kama ni msichana, ni Apiyo, na anayemfuata ni Adongo. Mimi ndiye Apiyo. Mama yetu, tangu siku ile, aliacha kuitwa jina lake, akawa Mama Pacha. Na kuwa mama wa mapacha hakukuwa kazi ndogo, kwa sababu mapacha walilelewa kwa mizani. Mmoja akinunuliwa ndara, mwingine ananunuliwa ndara siku hiyohiyo. Mama alikata magauni yetu kwenye kitambaa kimoja, akayashona yote mawili kabla hajamvisha yeyote. Mmoja wetu akichapwa, mwingine aliguswa na fimbo ileile, hata kama alikuwa amelala usingizi. Ilisemwa kwamba pacha anayenyimwa hanung'uniki. Anakaa kimya, anaugua, kisha anaondoka duniani. Kwa hiyo hakuna aliyethubutu kumnyima.

Kitu kimoja tu kilikataa kugawanyika, nacho kilikuwa urefu. Adongo alizaliwa akitanguliza miguu, kwa shida, baada ya saa nyingi, na mkunga alimpigapiga mgongoni kabla hajalia. Mwanzoni tulikwenda pamoja. Baadaye, tulipokwisha kujua kukimbia na kutukana, mimi niliendelea kupanda na yeye akabaki pale pale, mikono midogo, miguu midogo, uso wa mviringo kama wa mwanasesere na sauti nyembamba. Hakuwa dhaifu. Hakuwa na kilema. Alikuwa mtu kamili, ila kama mtu unayemwona kwa mbali.

Akili yake ndiyo haikuwa ndogo, wala ulimi wake. Watoto wa ufukweni walimwita Omena, kwa jina la vile vidagaa tunavyoanika juani. Siku moja mvulana mmoja mkubwa alimwita hivyo mbele ya watu. Adongo akamtazama kuanzia miguuni, akasema, "Mimi naliwa mzima. Wewe mbuta, mpaka utolewe matumbo kwanza." Kuanzia siku hiyo yule mvulana ndiye aliyebaki na jina la samaki, Mbuta.

Mimi sikuwa na ulimi kama wake. Niliyasikia maneno na kuyameza. Jioni moja nilikuwa nimejificha nyuma ya nyavu zilizotundikwa zikauke, nikawasikia wanawake wawili wakigeuza omena wao huku wakituzungumza. Mmoja akasema, "Huyu mkubwa ndiye aliyekula urefu wa mwenzake, hukohuko tumboni." Mwingine akaguna kukubali. Walikuwa wanapiga soga tu, na nadhani walisahau kabla hawajafika nyumbani. Mimi sikusahau. Mtoto hajui tofauti ya soga na hukumu. Nililala nikijua kwamba kabla sijafumbua macho nilikuwa nimekwisha kuwa mwizi, na kwamba nilichoiba nakivaa mwilini kila siku, watu wote wanakiona.

Nikaanza kupunguza kula. Nilisukuma matonge yangu ya ugali upande wa Adongo, na yeye akayarudisha kwa kidole. "Kula, Apiyo," aliniambia. "Mimi si jaa la taka."

Miaka ile shule yetu haikuuliza cheti cha kuzaliwa. Mtoto aliyetaka kuingia darasa la kwanza alisimamishwa mbele ya mwalimu mkuu, akaambiwa apitishe mkono wa kulia juu ya kichwa na kushika sikio la kushoto. Ukilishika, umri umetimia. Usipolifikia, rudi nyumbani ukakue. Mimi nililishika bila taabu. Vidole vya Adongo viliishia kwenye nywele. Alijinyoosha, akainamisha kichwa, akajaribu kukiendea kidole kwa sikio, mpaka mwalimu akamwambia aache.

"Mama Pacha," mwalimu alisema, "mwache huyu mkubwa aingie. Mdogo atamfuata."

"Hawa hawana mkubwa wala mdogo, mwalimu. Wataingia pamoja."

"Kwa hivyo huyu apoteze mwaka kwa sababu ya mwenzake?"

"Atamsubiri."

Nilimsubiri. Mwaka uliofuata tukarudi, mwalimu akasema yale yale na Mama akajibu yale yale. Wakati huo Adongo alikuwa amekwisha kujifundisha kusoma kwenye magazeti ya kufungia sukari, na kila asubuhi, tukioga nyuma ya nyumba, alipitisha mkono juu ya kichwa kujipima. Aliniambia niangalie vidole vimefika wapi. Nilimwambia vimesogea. Havikuwa vimesogea.

Malaria ndiyo iliyotufungulia njia, tena malaria yangu mimi. Mama alinipeleka kwenye kliniki moja ya misheni Homa Bay, na Adongo, bila shaka, akaja pia, maana hatukuachanishwa. Nesi alikuwa akitutazama kwa zamu.

"Hawa wana umri gani?"

"Umri mmoja," Mama alisema.

"Hapana, mama, nauliza huyu, halafu huyu."

"Nami nimekujibu. Wametoka siku moja."

Nesi akaweka kalamu chini. Akamwambia Mama kwamba kuna daktari wa watoto anayetoka Nairobi kila baada ya miezi kadhaa, na kwamba safari ijayo asikose kumleta huyu mdogo amwone.

Daktari huyo alikuwa mzaliwa wa Mombasa, mwembamba, mwenye Kiswahili kilichotiririka mpaka tukaona haya kufungua midomo. Alimpima Adongo ukutani, akauliza jinsi alivyozaliwa, akapiga mguno mdogo aliposikia kwamba alitanguliza miguu. Baadaye tulikwenda Nairobi, sote watatu, na kwa siku kadhaa Adongo alitolewa damu, akasubiri, akatolewa tena. Nilikaa kando ya kitanda chake nikiiona ile damu ikipanda kwenye bomba la sindano. Nikajifunza jambo ambalo nililiamini kwa uthabiti: sindano ni chombo cha kutolea vitu mwilini.

Mama alitueleza baadaye yale daktari aliyomwambia, na nimeyarudia mara nyingi kwa wanafunzi wangu kwa sababu sijapata maelezo mepesi zaidi. Ndani ya kichwa, chini ya ubongo, kuna kitezi kidogo kama punje ya choroko. Mojawapo ya kazi zake ni kuutumia mwili ujumbe usemao: kua. Ujumbe huo ndio unaoitwa homoni ya ukuaji. Kwa Adongo chakula kilikuwapo, mifupa ilikuwapo, kila kitu kilikuwa tayari, ila ujumbe haukutumwa. Alikuwa kama kundi la wafanyakazi waliofika shambani na majembe yao wakakaa chini, kwa sababu hakuna aliyewaambia waanze. Hakurogwa, wala hakunyimwa chakula.

Dawa ilikuwapo. Ilikuwa ni ujumbe uleule, umetengenezwa maabara, ukawekwa ndani ya kichupa. Ilipaswa kudungwa pajani kila jioni, kwa miaka, mpaka mifupa itakapojifunga na kuacha kurefuka, kama inavyojifunga kwa kila mtu. Haikuwa dawa ambayo familia yetu ingeweza kuinunua, hata kama Baba, aliyekuwa akifanya kazi Migori kwenye tumbaku, angeuza kila kitu. Daktari alimwombea Adongo dawa hiyo kwa watu wa ng'ambo waliokuwa wakitoa msaada. Walikubali, kwa mtoto mmoja, kwa kumjaribu.

"Tutamtazama mwaka mmoja," alimwambia Mama. "Akikua vya kutosha, itaendelea kuja. Asipokua, watasema mwili wake hauitaki, na watampa mtoto mwingine. Wanaoingoja ni wengi, mama yangu."

Dawa ile ilitaka baridi, lakini si ya kuigandisha. Kendu Bay nzima, nyumba zilizokuwa na friji zilihesabika kwa vidole. Mama alikwenda kwa Mama Zuhura, mfanyabiashara Mwislamu aliyekuwa na duka la vyakula karibu na msikiti, na friji ya mafuta ya taa iliyojaa soda. Mama Zuhura hakuuliza maswali mengi. Alitoa soda za rafu nzima, akaweka pale kopo lenye dawa, akawatangazia wafanyakazi wake wote: "Rafu hii ni ya Adongo. Atakayeweka hata limau hapa, mimi na yeye tumeachana." Kwa kuwa nyumbani hatukuwa na saa ya kuaminika, wakati wa sindano ukawa ni adhana ya magharibi. Sisi, watoto wa kanisani, tulipomsikia mwadhini tuliacha michezo na kukimbilia kwa Mama Zuhura, tukaingia chumba cha nyuma na kukaa juu ya magunia ya sukari, magauni tumekwisha kuyapandisha.

Nasema magauni, yote mawili, kwa sababu ya Dani.

Dani alikuwa mama yake Baba. Alikuwa ameuza samaki tangu ujana wake, mikono yake ilinuka moshi wa mbuta hata Jumapili, na katika boma letu neno lake ndilo lililofunga mazungumzo. Mama alipomweleza juu ya dawa, Dani aliuliza swali moja tu. "Na Apiyo atapewa nini?"

"Apiyo haumwi, Mama."

"Sikuuliza kama anaumwa. Dawa inatoka nchi za mbali, inalazwa kwenye friji kama mgeni, halafu apewe mmoja, mwenzake atazame? Nyar Kosele, unataka nimzike mjukuu wangu yupi?"

Mama alizaliwa Kosele, na Dani alipomwita hivyo, binti wa Kosele, alikuwa anamkumbusha kwamba yeye ameolewa hapa. Mama akanyamaza. Na sidhani kuwa alinyamaza kwa woga peke yake. Yeye mwenyewe alikuwa akitulea kwa mizani ileile tangu tuzaliwe, na mapacha wake wote wawili walikuwa hai wakati wengi walizika mmoja. Nani angemwambia aache njia iliyomwachia watoto wawili?

Basi kila jioni Mama alivuta dawa kwenye bomba kwa uangalifu mkubwa, akiinua kwenye mwanga wa mlango kutazama mistari. Alipangusa paja langu kwa spiriti, maana mimi ndiye wa kwanza, akaniambia nitazame mlango. Alinidunga. Kisha akabadili sindano, kwa sababu nesi alikuwa amemwonya vikali kuhusu watu wawili na sindano moja, akamdunga Adongo kwa bomba lilelile. Mama Zuhura alipopitapita akituona, alidhani ndivyo daktari alivyoagiza.

Nami, nikitazama mlango, nilikuwa na maelezo yangu. Nilikwisha kuiona sindano ikifanya kazi Nairobi. Nilijua inavuta. Bomba linakuja kwangu kwanza, kisha linakwenda kwa Adongo. Ilikuwa wazi kwamba Mama alikuwa anautoa kwangu ule urefu nilioula tumboni, kidogo kidogo, na kuurudisha kwa mwenyewe. Siwezi kuwaeleza furaha niliyokuwa nayo. Nilikuwa mwizi aliyepewa nafasi ya kulipa bila mtu kumtaja. Nilikaza paja ili utoke mwingi. Tukirudi nyumbani nilitembea nikiwa nimejikunja kidogo, nizoee ufupi wangu kabla haujafika.

Lakini haukufika. Pindo la gauni langu, badala ya kushuka kuelekea ardhini, lilipanda juu ya magoti. Nikashangaa, nikahuzunika, nikahitimisha kwamba lazima nilikula mwingi mno, hata ukichotwa kila siku hauishi.

Mwaka ulipofika nusu tulirudi Homa Bay. Daktari alimsimamisha Adongo ukutani, akashusha kijiti mpaka utosini, akakunja uso. "Amekua," alisema, "lakini kidogo mno." Akaanza kumuuliza Mama, kwa upole, jambo moja baada ya jingine. Dawa inakaa wapi? Iliwahi kuganda? Iliwahi kuachwa juani? Kuna siku mlikosa?

"Hata siku moja, daktari," Mama alisema. Na alikuwa anasema kweli.

Daktari akagongagonga meza kwa kidole. Mama aliijua maana yake, na nilimwona akikishika kibegi chake kwa mikono miwili. Halafu daktari akamwambia nesi ampe Adongo sindano ya siku ile palepale, kutoka kwenye kichupa kipya alichokuja nacho, ili tusichelewe tukiwa njiani. Nesi akavuta dawa, akampangusa Adongo paja, akainama.

"Sista," nikasema, "hujatoa kwangu."

Nesi akageuka. Mimi nilikuwa nimekwisha kulipandisha gauni langu.

"Kutoa nini, mtoto?"

"Urefu. Mama hutoa kwangu kwanza, ndipo anampa Adongo. Sasa hiyo unayompa ni ya nani?"

Adongo akaona anisaidie. "Ni kweli anavyosema. Yeye ndiye wa kwanza. Mimi napata inayobaki."

Daktari alimtazama Mama. Mama alitazama viatu vyake. "Hawa ni mapacha, daktari," alisema kwa sauti ya chini. "Kwetu hatuwezi kumpa mmoja."

Nimekutana na watu wengi wenye elimu tangu siku ile, na nimewapima kwa yale aliyoyafanya daktari wakati huo. Hakumkaripia Mama. Hakucheka. Alitoka nyuma ya meza, akaja kukaa kwenye benchi la watoto, magoti yamemfika kidevuni, akaanza na mimi.

"Mwanangu, ile sindano haikutoa kitu kwako. Ilikutia."

"Ilinitia nini?"

"Dawa. Nusu ya dawa ya mwenzako."

Nililia kilio kilichomfanya nesi akimbilie kunishika akidhani nimeumia. Nilipoweza kusema, nilisema, "Nimeula tena. Hii ni mara ya pili."

"Mara ya kwanza ilikuwa lini?"

"Tumboni."

Daktari akachukua mkono wangu akauweka kwenye benchi, akachukua wa Adongo akauweka kando yake. "Tumboni kila mmoja wenu alikuwa na kondo lake, na chakula chake kilikuja kwa njia yake. Hakuna aliyeweza kunyoosha mkono akachukua cha mwingine. Urefu si ugali wa sahani moja, mwanangu. Wako uko kwako. Wake uko kwake, ndani kabisa, ila umelala. Sisi tunauamsha. Hukula kitu cha mtu."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo."

Adongo akanisukuma kwa kiwiko. "Ndiyo maana ulikuwa unaniachia ugali? Ati ulikuwa unalipa?"

Kisha daktari akamgeukia Mama, akamweleza kwamba nusu ya dawa huamsha nusu tu, na kwamba mimi sikuihitaji kwa sababu kitezi changu kilikuwa kinaniambia nikue vya kutosha. Miezi iliyobaki ilikuwa michache. Kama Adongo angepata dawa yote, bado kulikuwa na tumaini la kuwaonyesha wale wafadhili kwamba mwili wake unaitaka.

"Wewe unaijua dawa, daktari," Mama alisema. "Mimi naijua nyumba yangu."

"Basi nenda ukazungumze na nyumba yako, mama yangu. Hapo mimi siwezi kukusaidia."

Tulifika nyumbani jua likiwa bado juu. Dani alikuwa jikoni nje, akigeuza mbuta juu ya moshi. Mkwe wa kwetu anapotaka kuzungumza jambo zito na mama wa mumewe hukaa chini. Mama alikaa chini, vizuri, akanyoosha miguu, akamweleza kila kitu. Dani alisikiliza huku akigeuza samaki.

"Kwa hiyo tumpe mmoja," alisema mwishowe.

"Ndiyo, Mama."

"Na huyu mwingine akiugua?"

Niliona mabega ya Mama yakishuka, nikajua atanyamaza kama siku zote. Hakunyamaza. "Mama, walipozaliwa hawa, Adongo alikuwa hawezi kunyonya. Apiyo alinyonya mara moja akashiba. Nani aliniambia nimweke Adongo kifuani mara mbili kila Apiyo anaponyonya mara moja?"

Dani akamgeuza samaki aliyekuwa amekwisha kumgeuza.

"Ulikaa hapo mlangoni, usiku na mchana, ukinihimiza. Hukusema tugawe sawa. Hukuogopa kwamba Apiyo atakasirika. Ulisema huyu anahitaji zaidi, apewe zaidi, waishi wote wawili. Nami nilikutii, wakaishi. Leo nakuomba tufanye uliyonifundisha wewe."

Mafuta ya samaki yalidondoka kwenye makaa, moshi ukampiga Dani usoni. Alipangusa macho kwa kanga, akachukua muda mrefu kuyapangusa. "Ni kweli nilisema hivyo," akasema. Kisha, kwa kuwa hakuwa mtu wa kuacha mazungumzo yafungwe na mwingine, akaongeza, "Lakini huyu mkubwa hatatoka mikono mitupu."

Kesho yake, mwadhini alipoanza, Dani alikuwa amekwisha kutangulia kwa Mama Zuhura. Alikaa juu ya gunia, akanivuta kwake. Mama alipokuwa akivuta dawa ya Adongo, yote, Dani alichukua pamba, akailowesha kwa spiriti, akalipangusa paja langu kwa vidole vyake vinavyonuka moshi, taratibu, kama alivyomwona Mama akifanya. Akaniambia nitazame mlango. Kisha akanifinya.

"Bibi," Mama Zuhura aliuliza kutoka dukani, "huyo naye unamtia dawa gani?"

"Ya pacha," Dani alijibu. "Haihitaji friji."

Ikawa ndiyo desturi yetu. Kila jioni Adongo alidungwa, na mimi nilifinywa. Kama Dani alikuwa sokoni, Mama Zuhura mwenyewe aliacha wateja wake akaja kunifinya, tena yeye alifinya kwa nguvu zaidi kwa sababu alikuwa na haraka. Kila nikiikumbuka sindano ya Adongo naiona mikono yote ile: ya daktari aliyeomba, ya mwanamke aliyetoa soda zake kwenye friji, ya mama aliyeinua bomba kwenye mwanga jioni baada ya jioni bila kuchoka, ya bibi aliyekubali kubadilika bila kuacha kuwa yeye. Tuna tabia ya kusema dawa imemponya mtu. Mimi nimeona kazi inayohitajika ili dawa ifike pajani.

Na Adongo alikua. Kwanza ilikuwa njaa: alikula sahani yake, akatazama yangu, na safari hii nilikataa kumpa. Kisha viatu vilimbana. Kisha siku moja Mama alipokuwa akimpimia gauni jipya, alisimama na futi ya kushonea mkononi, akaipima tena sehemu ileile, akaanza kuimba wimbo wa kanisani kwa sauti ya puani kama mtu asiyetaka kusikika.

Mwisho wa mwaka daktari alikishusha kijiti mpaka utosini mwa Adongo, akasoma, akakiinua, akakishusha tena kana kwamba ukuta ulikuwa umemdanganya. "Itaendelea kuja," akasema. Mama alikaa kwenye benchi la watoto, akafungua kitambaa chake cha kichwa, akakifunga, akakifungua tena. Iliendelea kuja mpaka tulipokuwa wasichana wakubwa na mifupa ya Adongo ikajifunga yenyewe, kwa wakati wake.

Lakini siku ninayoihifadhi ni ile ya Januari iliyofuata, kwenye uwanja wa shule. Mwalimu mkuu alikuwa yuleyule. Mimi, kwa kuwa wa kwanza, niliitwa kwanza. Nilipitisha mkono juu ya kichwa, nao ukalipita sikio ukafika shavuni, watoto wakacheka. Kisha akaitwa Adongo. Hakujinyoosha. Hakuinamisha kichwa. Alipitisha mkono juu, polepole, kama mtu anayechukua kitu alichokiweka mwenyewe kwenye rafu, na vidole vyake vikalishika sikio, vikalifumbata.

"Vema," mwalimu alisema. "Ingieni."

Tuliingia pamoja. Adongo alipita mlangoni mkono bado uko juu ya kichwa. Alipita kati ya madawati hivyohivyo, akakaa mbele kando yangu, sikio mkononi. Mwalimu wa darasa, msichana mgeni ambaye hakujua habari zetu, akamwambia, "Wewe, unaweza kuliachilia sasa."

"Naam, mwalimu," Adongo alisema kwa sauti yake nyembamba. Hakuliachilia.